Ponti Haitetemeki, Yaya

Kolwezi, Jumapili mchana

Kwako yaya wangu Mujinga, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu za mdogo wako, na kabla hujauliza: ndiyo, nakula, na ndiyo, nasali. Wewe je? Ule mguu umepona au bado unafundisha umekaa kitini? Mama analala vizuri? Huko Musumba mvua imeanza, au mnaendelea kula vumbi? Nijibu yote, usichague moja kama kawaida yako.

Mara ya mwisho ulinilaumu kwamba maandishi yangu yamekuwa madogo mno, kwamba uliazima miwani ya shemeji ili unisome, na ukauliza tangu lini nimekuwa bahili wa wino. Nilicheka siku ile. Leo nakuandikia sababu yake, na naomba ukurasa huu usimsomee mama.

Unaijua kazi yangu ya ponti. Nakaa kwenye kibanda juu kabisa, chini ya paa la kiwanda, naendesha mashine inayotembea juu ya reli. Nanyanyua mafungu ya mabamba ya shaba na kuyapeleka mpaka kwenye malori, na watu wako chini wanafanya kazi. Miaka kumi na mitano sijaangusha hata bamba moja. Ndiyo maana wananiita Mama Ponti, na usinicheke, jina hilo nalipenda kuliko lile nililobatizwa.

Basi, kiangazi kilipofika katikati, nikaanza kusikia ponti inatetemeka. Mtetemo mdogo, unaanzia kwenye kiti, unapanda mapajani, unakaa kifuani, kama jenereta ya jirani inayounguruma nyuma ya ukuta. Kwetu kila mashine ina daftari lake, na dereva huandika humo kila anachokisikia. Nikaandika: ponti inatetemeka. Fundi wetu, tata Kasongo, mtu mwenye mvi zake, akapanda, akakaza bolti, akaangalia magurudumu na reli, akaandika: hakuna kitu. Kesho yake nikaandika tena, naye akapanda tena. Mara ya tatu aliposhuka alinikuta penye ngazi, jasho linamtiririka.

"Mama Ponti, mi nilipanda kule mara tatu. Hii mashine iko muzima. Unasikia nini?"

"Minasikia inatetemeka. Mi niko mule ndani, weye uko chini. Nani anajua?"

"Labda ni mawazo, mama."

Yaya, hasira ilinipanda. Mimi, mawazo? Nikaenda moja kwa moja kwa shefu, mkubwa wetu wa kazi, nikamwambia Kasongo hapandi, anaandika uongo daftarini. Hivyo ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu. Shefu akaniamini, kwa sababu Mama Ponti hakosei. Kasongo akapewa demande d'explication, ile karatasi ya kujieleza kwa maandishi. Ya kwanza alijibu. Nikalalamika tena, akapewa ya pili, akajibu. Baada ya ya tatu mtu huitwa mbele ya wakubwa, na wengi hutoka humo hawana kazi.

Halafu ikaja Jumapili moja. Niko kanisani, nimekaa kwenye benchi letu la saruji, padre anahubiri, na ponti ikaanza kutetemeka. Nikamgusa mama mmoja aliyekaa karibu yangu.

"Benchi inatikisika?"

"Benchi ya simenti, mama? Apana. Uko na malaria?"

Nikaitazama mikono yangu juu ya magoti. Imetulia kimya. Ndani natetemeka mwili mzima.

Daktari wa hapa alinitembeza koridoni, akaona mkono wangu wa kuume haubembei ninapotembea. Akaniandikisha sentensi moja mara tano, na ya tano ilikuwa ndogo kama punje za uwele. Akanituma Lubumbashi kwa daktari wa ubongo. Huyo ndiye aliyelitaja jina: Parkinson. Nikamwambia huo ni ugonjwa wa wazee wanaomwaga chai, mimi tazama mikono yangu. Akasema kuna wagonjwa wanaosikia mtetemo ndani, hauonekani kwa jicho, haushikwi kwa kiganja, na mgonjwa hasemi uongo. Amenipa vidonge vya kumeza kwa saa. Mwili umepata nafuu kidogo, lakini mtetemo bado unanijia, hasa nikiwa na wasiwasi. Na siku hizi wasiwasi ndio chakula changu.

Nilirudi Jumatano, sikumwambia mtu. Alhamisi nikapanda kibandani. Usinifokee, ngoja nimalize. Fungu lilikuwa linaning'inia, na mwenzetu wa chini akainua ngumi, ndiyo ishara ya kusimama. Niliiona vizuri sana. Vidole vikachelewa. Fungu lilipita karibu na kichwa chake, umbali wa urefu wa mkono, naye akacheka.

"Mama Ponti, leo unacheza na siye!"

Alicheka kwa sababu ananiamini. Nilishuka, na Ijumaa nikasema nina homa, sikupanda.

Kasongo ameshapewa karatasi ya tatu, na kesho saa tatu anaitwa. Nikinyamaza, anafukuzwa kwa ugonjwa wangu. Nikisema, sipandi tena, na bila kibanda kile mimi ni nani? Mjane na vidonge vyake. Najua utaniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Usiniambie, yaya, safari hii anayeumbuliwa ni mwenzangu. Naogopa sana. Naiweka kalamu chini.

Jumanne

Lori la mahindi lililokuwa libebe barua hii limeharibika, kwa hiyo naendelea.

Jana nilifika mapema, nikaomba daftari la ponti. Nikaandika: Ponti haitetemeki. Anayetetemeka ni dereva. Tata Kasongo alipanda kila mara, mimi nilisema uongo juu yake. Nikatia sahihi, nikalibeba mpaka ofisini. Kasongo alikuwa kwenye kiti cha mlangoni, amevaa koti lake la harusi, kwapani linambana. Hakunisalimu.

Shefu alilipeleka daftari dirishani ndipo akaweza kusoma. Akaitazama mikono yangu muda mrefu.

"Lakini mama, hauko unatetemeka."

"Njo vile Kasongo alikuwa anakuambia juu ya ponti, na haukumuamini. Mi pia sikumuamini."

Nikampa karatasi ya daktari. Kasongo wamemwachia, karatasi zake tatu zimefutwa. Mimi nimerudisha ufunguo wa kibanda. Wanasema watanitafutia kazi ya chini, kuhesabu mabamba. Sijui kama ni kweli. Nililia chooni, nikanawa uso, nikatoka.

Kasongo alikuwa getini. Nikamwomba msamaha.

"Mama, batoto yangu balilala na woga wiki tatu sababu ya weye."

"Ninajua, tata. Unisamehe."

"Bado," akasema, akaenda zake. Sikumlaumu.

Nisalimie shemeji, mwenye miwani, mwambie bado ataihitaji. Nisalimie binti yako, aache kulia juu ya mtihani, apige moyo konde. Na ule ukurasa niliosema usimsomee mama, msomee, polepole, akiwa ameshakula. Nimechoka kuficha.

Nitakuja kabla barabara haijaharibika kwa mvua. Nakujua, kabla sijatua mzigo utataka kuweka kiganja chako kifuani pangu. Weka, yaya. Hutasikia kitu. Niamini hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Mwadi