Sauti ile ile kwa sahani na kwa shimo

Leo mardi, ni jumanne. Mvua ilinyesha usiku, sasa hakuna upepo hata kidogo, na mimi niko na kasirani mupaka chai imenishinda. Sikusomaka mimi. Ninasema, Neema mujukuu wangu mukubwa anaandika mu telefone yake. Andika yote, Neema, usipunguze.

Hapa Ndosho, nyuma ya nyumba yetu, kuko shimo mu mawe ya volkano. Ndani munalalaka mazuku, ile hewa mubaya, haina rangi, haina harufu. Siku bila upepo inajaa. Mbuzi akishuka, hapandi tena. Mutoto vile vile.

Leo Zawadi, mujukuu wangu wa miaka sita, alifuata kuku yake mu ile shimo.

Mama yake, ule mutoto wangu alioa, alikuwa jikoni na telefone ku sikio. Akapiga kelele "usiende pale" bila kugeuka. Mutoto akaendelea kushuka. Jirani, Papa Sifa, njo yeye alimukamata kwa nguo, akamuvuta. Kuku alibakia chini, mabawa yametanuka.

Mama yake akatoka na sandali, anapiga tu: huna masikio, huna masikio. Nilimunyanganya ile sandali. Nikamuuliza mutoto polepole kwa nini hakusikia.

"Koko," vile wajukuu wananiitaka, "mama anasemaka 'usiende pale' hata ku kiti ya baba. Nilizani shimo ni kama kiti."

Munasikia?

Sauti ya sahani imevunjika, sauti ya matope ku nguo, njo ile ile sauti ya kifo. Mutoto atachagua namna gani? Kwetu Masisi baba yangu alikuwa na ng'ombe, kila moja na jina yake, hakuzipigiaka kelele. Anaita moja, ile moja inainua kichwa. Na sisi batoto, mama alikuwa anaacha jembe, anakukamata kidevu, anasema mara moja, na wewe unarudilia neno yake. Ukiwa na yako ya kusema, anasikiliza mupaka mwisho. Batoto ya leo wanaongea na mugongo ya mama yao, kisha tunashangaa hawasikie.

Nilimuambia mama ya Zawadi ile yote.

"Mama, hiyo ni ya ng'ombe," akasema, akarudia ku telefone.

Ya ng'ombe.

Neema anasema tumalizie hapa, kesho ni siku ingine. Kesho gani? Ninasikia Zawadi iko inje, nyuma ya nyumba, anaita kuku yake. Weka telefone chini, Neema. Naenda.