Virgil na Sleti Iliyonyamaza

Mwaka umezunguka, Virgil Tackett, tangu uliposema, "Nachukua msasa bandani, narudi sasa hivi," ukaacha kahawa yako ikitoa mvuke mezani. Hukurudi. Moyo wako ulisimama humo bandani, msasa mkononi, na hata leo tukikumbuka tunapigwa na butwaa. Mtu mwenye nguvu zake, aliyekuwa akitutania dakika ile ile!

Ulikuwa seremala mpole, uliyewatengenezea wajane ngazi zao bila kungoja shukrani. Lakini kila majira ya kuchipua, mapenzi yako yote yalihamia kwenye kile kisahani cha sleti, lile jiwe bapa la kijivu, cha kuwaitia bata mzinga wa mwituni mawindoni. Uliusugua uso wake kwa msasa, kuelekea upande mmoja tu, ukapuliza vumbi, kisha ukaukwaruza kwa ncha ya kijiti chako. Ukikipitisha kijiti juu ya sleti, jike la bata mzinga lililia kiganjani mwako, kwa sauti ile inayowavuta madume. Na ole wake anayenyoosha kidole kukigusa!

"Toa huo mkono wa soseji!" ulifoka. "Mafuta ya vidole yanamziba koo!"

Nasi siku ya kukuaga tukakiweka kando ya jeneza. Ukoo mzima na kanisa zima wakakipapasa kwa machozi. Hakuna aliyekumbuka maneno yako.

Aprili hii, msimu wa kuwinda ulipofunguliwa, tulipanda nacho mlimani. Mdogo wako Hobart akapitisha kijiti. Kimya. Kiliteleza kama juu ya sabuni. Ni kama tuliletewa habari za msiba upya.

"Tumemnyamazisha wenyewe kwa vidole vyetu," Hobart akamwambia mkeo. "Shemeji, dawa ni msasa tu."

"Baba mdogo, usithubutu!" Binti yako Renita alikikumbatia. "Mikwaruzo hii ni ya mkono wa Baba. Ukiifuta tunabaki na nini?"

Mkeo Oneida, aliyekucheka miaka yote kwamba umeoa jiwe, akanyoosha mkono.

"Lete, mwanangu. Baba yako aliifuta mwenyewe kila alipotaka kuwinda. Hakukiweka cha kutazama."

Akatoa mfukoni msasa. Tulishtuka kuutambua: ni ule uliokutwa nao bandani. Akasugua kuelekea upande mmoja tu, huku akilia, akapuliza, akakishika kwa ukingo kama ulivyokuwa ukifanya. Kisha akapitisha kijiti.

Virgil, lilikuwa jike lako lile lile! Nywele zilitusimama. Hatujakaa sawa, dume la bata mzinga likajibu kwa kishindo kutoka ng'ambo ya bonde. Hobart alikuwa na bunduki begani na hakuikumbuka.

"Mwite tena, Mama," Renita akanong'ona.

Unakumbukwa na mkeo Oneida, binti yako Renita, mdogo wako Hobart, jamaa wote wa bondeni, na dume moja ambalo bado linakutafuta.

Hatutakusahau kamwe. Na vidole vyetu tumeviweka mbali.