Nilikabwa na Nyama, Kikundi Kizima Kikanitazama

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kujutia. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama hapa Mbololo, na Jumamosi tulikuwa kwa Kavinya, rafiki yangu tangu tuolewe, tunakula baada ya mkutano, nami nikakabwa na pande la nyama, sauti ikakatika, pumzi ikakatika, nikawa nashika shingo na kupiga meza, na wale wanawake wote, ambao nimewapikia kwenye matanga na kuwapeleka hospitali wakijifungua, wakabaki wakiangaliana, Kavinya mwenyewe ameshika sahani tu. Aliyeniokoa ni Calvince, baba mmoja wa kukodisha viti, alikuwa amekuja kuchukua viti vyake, akaniinamisha na kunipiga mgongoni kwa kiganja mpaka nyama ikatoka. Namshukuru Mungu, namshukuru Calvince, kila nikivuta pumzi nashukuru tena, na nimempelekea kuku. Lakini hao wengine siwataki, nataka kuvunja kikundi, na Kavinya hajanipigia simu hata mara moja. Je, nakosea?

Mutindi, Mbololo

Mutindi, pole sana mama, na ninafurahi uko hai hata ukaniandikia. Kwa kuku umefanya vyema. Mpelekee na chapati.

Sasa nikukaripie kidogo. Hao wanawake hawakuchukii. Kila mmoja alimtazama mwenzake, akaona ametulia, akajiambia labda si jambo kubwa, ama kuna anayejua zaidi atainuka. Watu wakiwa wengi, kila mtu humwachia mwingine. Calvince alipoingia, uso aliouona ni wako peke yake. Tena wewe ndiwe husema nani aoshe vyombo na nani aombe. Siku hiyo mwenye kugawa kazi hakuwa na sauti, sasa unashangaa nini?

Usivunje kikundi. Waite, waambie uliogopa kiasi gani, bila matusi. Mwombe mhudumu wa afya wa kijiji awafunze kumsaidia aliyekabwa, kila mmoja ajaribu kwa mikono yake. Na ukikabwa tena, wachana na meza: mshike mtu mmoja mkono, umkazie macho, ajue ni yeye.

Kavinya ana aibu. Anangoja uanze, nawe unangoja aanze, na hivyo ndivyo mtu hufia mbele ya watu. Mpigie leo, kabla hujakunja gazeti hili.