Namba Moja wa Kundi la Mwisho

Mama yangu,

Leo nimekukasirikia kwa kufa, maana leo ndipo ninapokuhitaji.

Unaikumbuka jioni ya wazazi, mwalimu wa hesabu alipokuambia kwamba mimi ndiye bora darasani? Ulimshukuru kwa mikono miwili, ukatoka kifua mbele. Nyumbani kwetu mtaa wa Nechells, huku ughaibuni, ukaanza kusukuma chapati huku ukiwapigia simu watu wa Kisumu mmoja mmoja: "Msichana wangu ni namba moja." Kwenu namba moja ni namba moja, basi.

Jirani yetu Mama Achieng' alipokuja kula akauliza, "Namba moja wa kundi gani?" Nikamjibu: la mwisho. Akakueleza taratibu kwamba hapa watoto wa darasa moja hugawanywa makundi, na kundi letu lilikuwa likiandaliwa mtihani mwepesi, ambao hata ukipata yote, masomo ya sayansi huyagusi. Na ulijua nataka kuwa mfamasia. Ukazima jiko, unga umejaa mikononi.

Kesho yake ulitoka zamu kwenye nyumba ya wazee kule Edgbaston ukaja shuleni na sare ya kazi. Mwalimu akasema kwa upole kwamba hataki nivunjike moyo.

"Moyo ni wake," ukamwambia. "Mpe mtihani wa wale wengine. Akianguka, aanguke mwenyewe, asiangushwe na wewe."

Nilitamani ardhi inimeze, Mama. Siku hizi nikikumbuka najivuna.

Ule mtihani niliufanya. Sikung'ara, lakini nilipita, na leo nusu ya wagonjwa wa mtaa wa Saltley wanachukua dawa kwangu.

Sasa mjukuu wako Baraka naye wamemtia kundi la chini, na mwaka wenyewe ndio kwanza umeanza. Mwalimu wake kanipigia simu kuniambia kwamba mtoto anastarehe pale. Nikamwambia sikumpeleka shule kustarehe. Baraka akadai kwa Kiingereza chake kwamba hajali, kisha nikamwona akifuta macho kwa mkono wa sweta. Anajali sana.

Kesho nimeomba ruhusa kazini siku nzima. Nitakaa pale ofisini mpaka wamtoe kwenye kundi hilo. Wakitaka kufunga shule, wafunge nami ndani.

Ni mimi,
kifunguamimba wako