Punda wa Kichuguuni

Magokoro, nyanya yangu,

Nakuandikia kutoka Voi, kwenye mashamba ya mkonge, kwa mikono iliyojaa miiba. Nina hasira, na sitaificha kwa sababu umekufa.

Kemunto, binti yangu, nusura afe. Mvua ilinyesha kwetu Nyaramba, watoto wakaenda kucheza chini ya miti ya miwati, wakaokota uyoga mweupe, mzuri wa kutazama. Mama yao akaupika. Wote walitapika. Kemunto alizimia, akabebwa hadi hospitali mjini Kisii. Amepona, lakini sasa akiona uyoga anakimbia akilia.

Kichuguu chako hakipo. Tangu Uhuru kila mtu anataka chai, na ndugu yangu Onyancha alikisawazisha apande yake. Nilipomlaumu akaniandikia: "Watoto wa siku hizi wana shule. Nani ana haja ya kuchimbachimba udongo?" Ana chai, hana akili.

Na mimi je? Nakumbuka ulivyotupigisha magoti kukizunguka kichuguu, macho tumefumba, vidole vikifuata mguu wa uyoga chini, chini. "Usivute. Uulize kwanza mguu wake unaishia wapi." Ukiishia kwa mchwa, tunakula. Usipofika kwa mchwa, tunautupa na kunawa mikono. Aliyevuta ukamkatikia alikuwa punda. Alimbeba mshindi mgongoni kukizunguka kichuguu, nawe nyuma ukimswaga kwa kijiti. Mimi nilikuwa punda karibu kila siku.

Hapo ndipo ninapokukasirikia. Hukutuambia hata mara moja kwamba lile lilikuwa somo. Nilidhani ni mchezo tu, na nilipoota ndevu nikauacha. Mke wangu, Moraa, alizaliwa Nyakoe, hakuwahi kucheza nawe. Nimekwenda likizo nne nyumbani na sikumfundisha. Nilikuwa nimechoka. Nililala, Magokoro. Nililala tu.

Nimeomba ruhusa, nyapara amekataa. Nitaondoka hata hivyo kabla mvua hazijaisha. Kando ya mto kule nyumbani kuna kichuguu kingine. Nitawapigisha magoti wote, Kemunto, Moraa, hata Onyancha na chai yake, na nitawaambia wazi kwamba hili ni somo. Lakini uyoga wa kwanza nitauvuta makusudi, ukatike, ili mtoto apande mgongoni mwangu acheke.

Pumzika sasa. Punda wako anarudi nyumbani.