Mzazi Anatoka Leo

Ndeshi mwanangu,

Mtori wa ndizi uko jikoni, upashe moto unywe. Mtoto nimembadilisha nepi. ~~Usitoke nje.~~ Vaa gauni pana na ndala, tunakwenda kliniki. Nimewapigia, wamesema tuje sasa hivi. Nimeshuka kwa Mama Aimable, jirani wetu wa chini, kumwomba atuendeshe kwa gari lake.

Asubuhi uliposema kichwa kinagonga na miguu imevimba, nilikujibu kwamba hata hapa Houston mzazi wa Kichaga hatoki ndani kabla ya miezi mitatu. Ukageukia ukutani. Uliposinzia nikakichukua kile kitabu chako cha akina mama weusi, kile nilichokitania: tangu lini mtu akafundishwa umama na karatasi? Nimekisoma nimempakata mjukuu wangu. Kinasema mama mweusi akisema mwili wake una shida, aaminiwe, asingojee. Mimi sikukuamini, mama. Nisamehe.

Shangazi zako wa Moshi wakilalamika kwamba umetoka mapema, wanipigie mimi.

Na daktari akisema ni uchovu tu, usiinuke kitini mpaka akupime presha. Ukikosa nguvu ya kubishana naye, nitabishana mimi, kwa Kiingereza changu cha shule ya usiku, na atanisikiliza.

Baba yako