Walivyompiga Byron kwa Betri Alizopewa

Kiuu, Ruiru,
14 Machi 2025.

Mpendwa kaka Erastus,

Habari za Doha? Natumaini kazi na joto havijakumaliza. Watoto ni wazima, wanakuulizia. Byron yuko hai. Natanguliza hilo kwa sababu najua video ya kupigwa kwake imeshakufikia.

Unamkumbuka Macharia wa kule mtaa wa Landless, mwenye van wanayolala watalii wakienda kupiga kambi? Betri zake za asidi zilikuwa zimechoka, friji inazima hata chakula cha jioni hakijaiva. Ndugu yetu Byron akazing'oa, akamfungia za lithiamu na chaja inayozifaa. Zile kuukuu Macharia akampa akauze kwa watu wa chuma chakavu, akamleta nazo mpaka hapa stendi.

Byron akawa anazisukuma kwa mkokoteni. Sasa huku betri za malori zimekuwa zikiibwa sana, na Kyengo wa gereji alipomwona hakumwuliza kitu. Aliita mwizi, akampiga spana ya kichwa. Watu wakajaa na mawe na mbao. Alipoanguka, mmoja aliinua betri akamwangushia mguuni. Ikapasuka, asidi ikamwagika pajani.

Nilipofika sikuutambua uso wake. Nililala juu yake, Erastus. Nilisema ni ndugu yangu, nikapigwa ubao mgongoni. Waceke, yule muuza maji, ndiye aliyepenya na mtungi akamwagia paja maji mengi huku wakimtukana.

Macharia hakuwa amefika mbali. Aliposikia kelele alirudi, akaingiza van katikati ya watu.

“Hizo betri ni zangu,” akasema. “Nimempa mimi.”

Mawe yakakoma. Hakuna aliyeomba msamaha, walitawanyika tu.

Amevunjika taya na mkono. Paja limeungua vibaya, ingawa daktari anasema yale maji yaliliokoa. Jicho la kushoto bado hatujui.

Jana Mutheu, mke wa Kyengo, alikuja. Tunaimba naye kwaya moja. Alipiga magoti akiniomba nikaondoe jina la mumewe nililoandikisha polisi. Nilimwinua, nikampa chai.

“Nitakuombea wewe na watoto,” nikamwambia. “Jina lake litabaki.”

Aliinywa yote akilia, akaenda.

Mama hajaiona hiyo video. Tafadhali mpigie leo, kabla jirani hajamwonyesha. Mimi nimejaribu, nikisikia tu akiitikia nakata simu.

Nisalimie Carolyne na Marvin. Mungu akulinde huko ugenini, akurudishe ukiwa mzima.

Dada yako anayekupenda,
Nafuna